Namna ya Kudhibiti Konokono Katika Bustani ya Nyumbani Jijini Arusha

Kila mwaka masika yanapoanza, maswali huwa yale yale. Mtu amepandikiza miche ya kabichi jioni na asubuhi amekuta vijiti vitupu. Mwingine anaona saladi yake imetobolewa kama chujio. Wa tatu anauliza kama ni sawa kumwaga chumvi kwenye tuta. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye matuta machache nyuma ya nyumba, awe anaishi Ilboru na Sekei ambako miteremko ya Meru huwa na unyevu karibu mwaka mzima, au Njiro ambako ardhi hukauka mapema na konokono huonekana kana kwamba wamehama.

Maelezo haya yanahusu konokono mwenye gamba pamoja na yule asiye na gamba, ambaye hapa nitamwita konokono uchi. Miongoni mwa wenye gamba yumo yule mkubwa wa kahawia mwenye michirizi, ambaye asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Gamba lake laweza kufikia urefu wa sentimita 20, ingawa wengi utakaowakuta bustanini hawafiki hata nusu ya hapo. Wote hudhibitiwa kwa njia zinazofanana, na pale zinapotofautiana nitasema.

Kuhusu tabia zao, yatosha kujua mambo matatu. La kwanza ni kwamba mwili wa konokono hupoteza maji upesi, kwa hiyo usiku hula kwenye tuta lako lakini mchana hujificha penye kivuli na unyevu, mara nyingi nje kabisa ya tuta. Anayepambana naye kwenye tuta peke yake atapambana mwaka mzima, ilhali anayejua mahali anapolala huwa amekwisha kuifanya sehemu kubwa ya kazi. La pili ni kwamba kila konokono ana viungo vya dume na vya jike, na yule mkubwa wa kahawia hutaga mayai 100 na zaidi kwa mara moja, hivyo kumwacha mmoja si jambo dogo. La tatu ni kwamba kiangazi kikiingia konokono mwenye gamba hujifungia ndani kwa utando mkavu wa ute wake na kungoja kwa miezi. Usipomwona mwezi Februari, usidhani ameondoka.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Tochi yenye mwanga mzuri, na ikiwezekana ya kuvaa kichwani ili mikono yote miwili ibaki huru.
- Glavu za mpira. Usishike konokono kwa mikono mitupu. Sababu nitaieleza katika hatua ya nne.
- Ndoo yenye mfuniko unaobana.
- Reki, jembe na kijiti kirefu cha kupindulia vitu.
- Vipande vya gogo la mgomba, au mbao za zamani na magunia mabovu.
- Makopo madogo matupu, pamoja na hamira na sukari.
- Chupa za maji za plastiki za lita moja na nusu, zilizokwisha kutumika.

Vyote hivi vinapatikana nyumbani au dukani kwa jirani. Dawa ya kununua sikuiweka katika orodha hii kwa makusudi, kwa kuwa bustani nyingi za nyumbani haziihitaji.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba mhalifu ni konokono

Konokono husingiziwa mengi. Kagua majani yaliyoliwa asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha dalili. Alipopita konokono utaona michirizi ya ute inayong'aa juu ya jani, juu ya udongo au ukutani, na matundu aliyoacha huwa hayana umbo maalumu. Ukikuta vipunje vyeusi vya kinyesi juu ya majani, huyo ni kiwavi. Ukikuta mche umekatwa shingoni, sawasawa na usawa wa udongo, na sehemu ya juu imelala pale pale karibu bila kuliwa sana, fukua udongo kuzunguka mche huo. Huenda ukamkuta sota, yule kiwavi wa udongoni anayekata miche, amejikunja kama pete. Mitego ya konokono haimhusu sota hata kidogo, na nimewaona watu wakihangaika kwa mwezi mzima kwa sababu waliiruka hatua hii.

Hatua ya 2: Ondoa maficho

Hii ndiyo kazi kubwa, na inafaa zaidi kufanywa kabla ya mvua, yaani mwishoni mwa Februari kwa ajili ya masika na mwanzoni mwa Oktoba kwa ajili ya vuli. Zunguka uwanja mzima, usiishie kwenye matuta. Mahali pa kuangalia ni chini ya matofali na mabati yaliyorundikwa, ndani ya matundu ya tofali za bloku, nyuma na chini ya tangi la maji hasa kama bomba lake linavuja, chini ya vyungu vya maua, kwenye mtaro wa maji ya jikoni, na katika shina la ua wa michongoma ambapo majani makavu hukusanyika bila mtu kuyagusa. Kama una migomba, na nyumba nyingi za huku zinayo, kagua maganda makavu yanayoning'inia shinani pamoja na magogo ya migomba iliyokwisha kuvunwa. Gogo la mgomba linalooza ni nyumba ya wageni kwa konokono: lina kivuli, lina maji, na lina chakula ndani yake.

Vitu visivyohitajika viondoe. Vile unavyovihitaji, kama matofali ya ujenzi unaoendelea, viinue juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini yake. Magogo ya mgomba yakatekate vipande vidogo na uyatandaze juani yakauke, badala ya kuyaacha yakiwa marefu kivulini. Fyeka nyasi kuzunguka bustani kwa upana wa mita moja hivi na uache ukanda huo wazi, kwa kuwa konokono hapendi kuvuka mahali pakavu penye jua.

Onyo: pindua vitu kwa reki au kijiti, si kwa mkono. Mahali anapolala konokono ndipo anapopenda kulala nyoka.

Wengi huuliza kama waache kutumia matandazo. Matandazo ya majani makavu hutunza udongo na sishauri kuyaacha moja kwa moja, lakini usiyaweke karibu na miche michanga wakati wa mvua. Ngoja mpaka mashina yawe magumu, kisha tandaza kwa wepesi na uache nafasi ya kiganja kimoja kuzunguka kila shina.

Hatua ya 3: Chimbua mayai

Ukiwa bado una jembe mkononi, lima kwa kina cha sentimita tano hadi kumi pembezoni mwa matuta, chini ya ua na kuzunguka tangi. Mayai ya konokono mkubwa ni madogo kuliko punje ya mahindi, yana rangi ya maziwa au manjano hafifu, nayo hukaa kwa fungu kama shanga zilizomwagika. Ya konokono uchi ni madogo zaidi na mara nyingi hupenyeza mwanga. Yaponde, au yatandaze juani yakauke. Usiyatupe kwenye shimo la mboji, kwa kuwa huko ndiko yatakakoanguliwa salama.

Hatua ya 4: Okota usiku

Hakuna njia inayoishinda hii kwa bustani ndogo, na hakuna inayokimbiwa kama hii. Toka saa mbili na nusu hadi saa nne usiku, hasa baada ya mvua au siku yenye manyunyu. Tembea taratibu ukimulika upande wa chini wa majani, kuta, kingo za matuta na mashina ya migomba. Okota kila unayemwona, mkubwa kwa mdogo, na umtie ndani ya ndoo. Funga mfuniko kila mara, maana ukiacha ndoo wazi kwa dakika kumi utakuta wa kwanza wamekwisha kupanda ukingoni.

Fanya hivyo usiku saba mfululizo. Usiku wa kwanza huenda ukajaza nusu ndoo. Usiku wa pili au wa tatu idadi yaweza hata kupanda, jambo linalowakatisha tamaa wengi, lakini hao ni wale waliokuwa hawajatoka mafichoni. Baada ya wiki hiyo inatosha kutoka mara mbili kwa wiki mpaka mvua ipungue. Andika idadi ya kila usiku kwenye karatasi, ili ujue kama unasonga mbele au unajidanganya.

Kuwaua, wamwagie maji yaliyochemka humo humo ndani ya ndoo. Hufa papo hapo. Kisha wafukie kwenye shimo lenye kina cha sentimita 30 au zaidi. Magamba makubwa yavunje kabla ya kuyafukia, kwa sababu gamba tupu likiachwa juu ya ardhi hukinga maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu.

Onyo la afya: konokono wa nchi kavu, wenye gamba na wasio nalo, wanaweza kubeba mabuu ya mnyoo wa mapafu ya panya, ambao ukiingia kwa binadamu waweza kudhuru ubongo na uti wa mgongo. Njia kuu ya kuupata ni kula konokono mbichi au asiyeiva, mara nyingine bila kujua, kama vile konokono uchi mdogo aliyejificha katika jani la saladi. Kwa hiyo vaa glavu, nawa kwa sabuni, usiwaache watoto wachezee konokono, na mboga zinazoliwa mbichi zioshe jani moja moja chini ya maji yanayotiririka. Swali la kichocho pia huulizwa sana. Konokono wa kichocho ni wa majini, wa kwenye mabwawa na mifereji. Huyu wa bustanini haambukizi kichocho.

Hatua ya 5: Weka mitego

Mtego wa kwanza ni gogo la mgomba. Kata kipande chenye urefu wa mkono, kipasue kwa urefu, na ukilaze kwenye njia kati ya matuta, upande uliopasuliwa ukitazama chini. Konokono watajikusanya humo kabla ya jua kuchomoza. Kipindue kila siku asubuhi, okota waliomo, na ukitupe baada ya siku tano kabla hakijaoza na kugeuka maficho ya kudumu. Asiye na mgomba atumie ubao, gunia lililoloweshwa, au ganda la tikitimaji au papai lililofunikwa kifudifudi. Kosa la kawaida ni kuutega na kuusahau. Mtego usiokaguliwa ni chumba cha kulala ulichowajengea wewe mwenyewe.

Mtego wa pili ni wa harufu ya uchachu. Chukua nusu lita ya maji ya vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha hamira na kijiko kimoja cha chakula cha sukari, uache mchanganyiko uumuke kwa saa chache. Fukia makopo ukiacha ukingo wake sentimita mbili juu ya udongo ili wadudu wanaofaa, kama mbawakawa wanaowinda mayai ya konokono, wasitumbukie. Jaza nusu kopo, kisha weka juu yake kigae kilichoinuliwa kwa vijiti ili mvua isiingie. Harufu haivuti kutoka mbali, hivyo weka kopo kila baada ya mita moja hivi na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili au tatu. Bia iliyobaki glasini hufanya kazi hiyo hiyo, na hata machicha ya mbege hufaa, ingawa sikushauri umweleze mzee aliyekupa ni kazi gani unayokwenda kuyafanyia. Mtego huu hunasa zaidi konokono uchi na wale wadogo. Mkubwa wa kahawia haingii kopo. Huyo ni wa kuokotwa.

Hatua ya 6: Kinga miche kwa wiki tatu za kwanza

Mche mchanga ukipita wiki tatu salama, mara nyingi hustahimili kuliwa majani mawili matatu. Kata chupa za plastiki ziwe pete zenye urefu wa sentimita kumi, zunguka kila mche kwa pete moja, na uzamishe sentimita tatu ardhini. Kagua kwanza kwamba hujamfungia konokono ndani. Kwa miche iliyo kwenye trei, iweke juu ya meza na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye maji ya chumvi. Hapa chumvi haina madhara kwa kuwa haigusi udongo, nayo huzuia mbu wasizaliane humo.

Pandikiza miche iliyokomaa, yenye majani matano au sita. Kupandikiza jioni ni desturi nzuri kwa sababu ya jua, lakini jioni hiyo hiyo ndiyo karamu ya konokono. Kama huna pete za kukinga, chagua asubuhi ya siku yenye mawingu.

Hatua ya 7: Mwagilia asubuhi

Udongo uliomwagiliwa asubuhi huwa umekauka juu ifikapo usiku. Badiliko hili ni bure, na lifanye leo.

Hatua ya 8: Tumia bata kwa kiasi

Bata ni mwindaji hodari wa konokono wadogo na wa konokono uchi. Waachie wapite bustanini kabla ya kupanda, wakati matuta yakiwa matupu, na baadaye kwa muda mfupi alfajiri ukiwa unawatazama, kwani wakimaliza konokono huhamia kwenye saladi. Kuku husaidia kidogo, lakini huchakura na kung'oa miche. Ukitaka kuwalisha ndege wako konokono wakubwa, wachemshe kwanza na uwavunje magamba. Vyura waache waishi, na usimfukuze kwarara anayetembea bustanini akichokoachokoa udongo kwa mdomo wake mrefu; kelele zake za alfajiri ni ujira wake.

Hatua ya 9: Dawa, kama yote yameshindikana

Dawa nyingi za konokono huja kama vipunje vya chambo, mara nyingi vya rangi ya buluu. Zenye kiambato cha metaldehaidi ni sumu kali kwa mbwa, paka na kuku, na mbwa huvutiwa nazo. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake nje ya nyumba mwaka 2022. Zenye fosfeti ya chuma zina madhara madogo zaidi kwa wanyama wa nyumbani, na konokono aliyezila huacha kula na kwenda kufia mafichoni, kwa hiyo usitarajie kuona mizoga.

Nunua dawa iliyo kwenye kifungashio chake cha asili chenye lebo inayoonyesha kwamba imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha. Dawa iliyopimwa kwa kijiko na kufungwa katika karatasi sokoni usiinunue, hata ikiwa nafuu. Tawanya vipunje vichache vichache kama lebo inavyoagiza na usiviweke kwa mafungu, kwa kuwa fungu ndilo linaloua mbwa. Mbwa akila na kuanza kutetemeka, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, na uende na kifungashio.

Njia zinazosifiwa kupita uwezo wake

Chumvi humwua konokono, lakini pia huharibu udongo. Mimi mwenyewe niliwahi kuimwaga kuzunguka tuta la mchicha; konokono walikufa, na mchicha ukafuata. Majivu ya kuni husaidia yakiwa makavu tu. Yakiloa hugeuka tope lisilomzuia mtu, na yakizidi huufanya udongo kuwa na magadi. Maganda ya mayai yaliyosagwa yanasifiwa kila mahali, lakini mwaka 2018 Royal Horticultural Society, yaani jumuiya ya kilimo cha bustani ya Uingereza, ilitoa matokeo ya jaribio lake, ambapo saladi zilizozungushiwa maganda ya mayai, changarawe au utepe wa shaba ziliharibiwa sawa na zile zisizokingwa.

Kahawa ina ukweli ndani yake. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walionyesha kwamba kafeini yenye nguvu ya asilimia moja hadi mbili huua konokono. Kikombe cha kahawa hakikaribii kiasi hicho, na maji yenye kafeini nyingi hivyo yaweza kuunguza majani ya baadhi ya mimea. Machicha ya kahawa yapeleke kwenye mboji.

Kuwarusha ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, si udhibiti. Konokono wengine hurudi mahali walipozoea kulala, na jirani naye ana mikono.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Mitego haina kitu, lakini majani yanaliwa.* Rudi hatua ya kwanza. Toka na tochi saa nne usiku. Kama huoni konokono, tafuta sota, panzi au panya.

*Nilisafisha vizuri, na baada ya wiki tatu wamejaa wadogo watupu.* Hao ni walioanguliwa kutoka kwenye mayai uliyoyakosa. Rudia hatua ya tatu na ya nne kwa wiki moja kabla hawajakua na kutaga.

*Wanatoka kwa jirani au kwenye kiwanja kisichojengwa.* Ongeza upana wa ukanda uliofyekwa upande huo na utege magogo ya mgomba mstari mmoja kando ya ua, ili uwakamate kabla hawajafika kwenye matuta.

*Mbwa anakunywa maji ya mtego wa hamira.* Bana kigae cha juu kwa jiwe, au tumia magogo ya mgomba peke yake.

*Wanapanda ukutani na kukaa huko mchana.* Hii hutokea mvua zikizidi na ardhi kujaa maji. Ni nafasi nzuri: wakwangue kwa reki ndani ya ndoo asubuhi, hakuna haja ya tochi.

*Ni Julai, kuna baridi na ukungu, mvua haipo, na bado wapo.* Maeneo ya juu, kuelekea Meru, umande wa msimu wa baridi unawatosha kabisa. Endelea kuokota mara moja kwa wiki, na uendelee kutega magogo mapya ya mgomba mpaka Septemba jua litakaporudi.